Mtu Anayetembea: sanamu iliyopita mikononi mwa mabenki mpaka ikafika pauni milioni 65

Jumatano usiku, tarehe 3 Februari 2010, pale Sotheby's mtaa wa New Bond Street London, sanamu ya mwanaume mwembamba anayetembea iligongewa nyundo baada ya dakika nane za kupandishana dau. Ukijumlisha na kamisheni ya nyumba ya mnada bei ikawa pauni 65,001,250. Kwa dola ni milioni 104.3, na kwa usiku ule ikawa ndo kazi ya sanaa iliyouzwa ghali kuliko zote zilizowahi kupita mnadani duniani, ikaipiku picha ya Picasso iliyokuwa na rekodi tangu 2004. Sasa kinachonifanya nikikalie kisa hiki ni kwamba Sotheby's wenyewe, watu ambao kazi yao ni kukisia bei, walikuwa wameandika makadirio ya pauni milioni 12 mpaka 18. Hawakukosea kidogo, walipitwa mara tatu na zaidi.

Wengi wakisikia hii stori wanasema matajiri wamechanganyikiwa, basi, imeisha. Mi naona hilo jibu ni la kivivu. Bei ile ina sababu zake na unaweza kuzifuata moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye udongo wa fundi mpaka kwenye simu ya mnunuzi, na ukizifuata utaona kwamba sehemu kubwa ya hela haikulipwa kwa ajili ya shaba wala kwa ajili ya jina peke yake, ililipwa kwa sababu mlango wa kupata kitu kama kile ulifunguka usiku mmoja na haikujulikana utafunguka tena lini. Twende taratibu.

Mwenye kazi ni Alberto Giacometti, Mswisi, kazaliwa Oktoba 1901 kwenye bonde la Bregaglia kule milimani karibu na mpaka wa Italia, baba yake naye alikuwa mchoraji. Akaenda Paris akiwa kijana, na mwisho wa 1926 akapanga chumba cha kazi mtaa wa Hippolyte-Maindron namba 46, chumba chenyewe mita za mraba 23 hivi, na humo humo alikaa mpaka anafariki Januari 1966. Hata alipokuja kupata hela hakuhama. Chumba hakikuwa na maji ya bomba ndani, kuta zimechorwachorwa, sakafuni plasta tupu iliyodondoka. Mdogo wake Diego ndo alikuwa mkono wake wa kulia, anamsukia fremu za waya za kubebea udongo, anamsaidia kwenye plasta, anafuatilia kazi kwa wasubu wa shaba na kusimamia ile rangi ya juu. Nasisitiza habari ya Diego kwa sababu watu wanapenda kusema msanii alikuwa peke yake na maumivu yake, si kweli, kulikuwa na ndugu anayefanya kazi kila siku pembeni yake.

Wakati wa vita alikwama Geneva, na huko sanamu zake zilikuwa zinapungua tu, kila akichonga zinazidi kuwa ndogo, mpaka nyingine aliporudi Paris 1945 alizibeba kwenye viberiti. Baada ya hapo ndo zikaanza kurefuka na kukonda, wale watu wembamba warefu ambao leo ukiwaona tu unajua ni nani kawatengeneza. Wanawake wake wanasimama wima mikono imebana kwenye mbavu, wanaume wake wanatembea au wananyoosha kidole.

Hii yetu inaitwa kwa Kifaransa L'Homme qui marche I, Mtu Anayetembea namba moja, aliibuni 1960. Ina urefu wa sentimita 183, yani ukisimama mbele yake unatazamana nayo uso kwa uso, ni saizi ya mtu mzima kabisa. Ukitazama kwa karibu, miguu ndo inakushangaza kwanza. Kiwiliwili chote kimekonda lakini nyayo ni nene, nzito, zimeng'ang'ania kwenye bamba la chini kama vile mtu ametoka kwenye tope la mfinyanzi na bado linamvuta. Kisigino cha nyuma kimenyanyuka, mwili wote umeinama mbele kwa mstari mmoja kutoka kisigino mpaka utosini, mikono inaning'inia tu, haibebi kitu. Hana nguo, hana silaha, hana cheo. Na ngozi yake sio laini, imejaa vidole na mikwaruzo ya kisu, kila mahali fundi alipobonyeza udongo alama imebaki na shaba imeinakili hiyo alama vile vile ilivyo. Wanaopita Posta pale Dar wanaijua sanamu ya Askari, ile nayo ni shaba, ilisubiwa Uingereza na kusimamishwa 1927, yule kashika bunduki yenye singe, kila kifungo kimetengenezwa kikaonekana. Hizo mbili ni shaba zote lakini ukiziweka kichwani pamoja utaelewa haraka Giacometti alikuwa ameondoa nini. Hakumwacha mtu na chochote zaidi ya hatua anayopiga.

Na hapa ndo historia ya mabenki inaanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Chase Manhattan Bank walikuwa wanajenga makao makuu mapya kule chini Manhattan, New York, jengo lililochorwa na msanifu Gordon Bunshaft wa kampuni ya usanifu ya SOM, na mbele yake wakaacha uwanja mkubwa wa wazi unaotaka sanamu. Giacometti akaombwa alete wazo. Akakubali, ingawa New York kwenyewe alikuwa hajawahi kufika. Akapanga vitu vitatu: mwanamke mrefu aliyesimama, kichwa kikubwa, na mwanaume anayetembea. Akatengeneza, akabomoa, akatengeneza tena, na mwisho hakuridhika. Alihisi saizi haijakaa sawa na uwanja ule wala yale maghorofa, akajitoa. Benki haikupata sanamu zake, na miaka ya baadaye, 1972, uwanja ule ukapata sanamu ya miti minne mikubwa ya msanii Mfaransa Dubuffet ambayo ipo mpaka leo. Giacometti alikuja kuuona uwanja kwa macho yake 1965 alipoenda New York kwa ajili ya maonyesho yake pale MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa, miezi michache tu kabla ya kufa.

Zile sanamu lakini hakuzitupa. 1961 akazisubisha kwa shaba, nyingine akazipeleka maonyesho ya Venice 1962 na akaondoka na tuzo kubwa ya uchongaji. Kwa hiyo mradi ulioshindikana ndo uliomzalia kazi zake kubwa kuliko zote kwa umbo. Mi naamini hili lina uzito kwenye bei, kwa sababu Giacometti hakuwa mtu wa kutengeneza vitu vikubwa, chumba chake tu kilikuwa hakiruhusu, bila ile tenda ya Chase pengine tusingekuwa na mwanaume wa sentimita 183.

Sasa tuje kwenye ishu ambayo inawachanganya wengi, ishu ya kopi. Sanamu ya shaba haichongwi kwenye shaba. Msanii anafanya udongo au plasta, wasubu wanachukua umbo lile wanalitengenezea kalibu, wanamimina bronzi, yani shaba iliyochanganywa na bati, ikipoa wanavunja kalibu, wanakata mabaki, wanasafisha viungo, halafu wanaipaka asidi na kuipitishia moto mpaka ipate rangi ya kahawia au kijani. Kutoka kwenye plasta moja unaweza kutoa sanamu nyingi sana. Ndo maana kuna kikomo kinachowekwa tangu mwanzo. Ya Mtu Anayetembea namba moja ilikuwa sita zenye namba, na nne za ziada za msanii mwenyewe. Zote ni halisi. Hakuna moja ambayo ndo mama na nyingine watoto, ile iliyouzwa London ilikuwa namba 2 kati ya 6, ina saini ya Giacometti, ina namba, na ina mhuri wa wasubu, Susse wa Paris, na ilisubiwa 1961 msanii akiwa hai na Diego akiwa anafuatilia.

Hayo maneno matatu, saini, namba na mhuri, ukiongeza na karatasi za nani aliinunua kwa nani, ndo yanayobeba thamani. Shaba yenyewe ni hela ndogo mno. Wakati ule tani moja ya shaba kwenye soko la dunia haikufika dola 8,000, kwa hiyo hata tuseme sanamu ina kilo 100, ukiipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu hupati dola 800. Tofauti kati ya hizo na milioni 104 yote imekaa kwenye uhakika kwamba ni yenyewe.

Na uhakika ulikuwa na thamani ya pekee wakati huo. Agosti 2009, yani nusu mwaka tu kabla ya mnada, polisi wa Ujerumani walivamia stoo moja eneo la Mainz wakakuta sanamu feki za Giacometti kama 1,000 hivi. Elfu moja! Kulikuwa na mtandao mzima, mmoja akijifanya ni mtu wa ukoo wa kitawala na rafiki wa Diego, anawauzia watu kwa stori kwamba Diego alizificha sanamu za kaka yake. Kesi ikasikilizwa Stuttgart na watu wakafungwa. Ukifikiria, feki za Giacometti ni rahisi kumdanganya mtu, umbo jembamba, uso uliobonyezwabonyezwa, fundi mzuri anaweza kuiga. Asichoweza kuiga ni historia. Kwenye soko lililokuwa na hofu namna hiyo, sanamu ambayo kila mkono iliyopitia unajulikana ilikuwa inang'aa yenyewe.

Mikono yenyewe sasa. 1980 iliingia kwenye mkusanyiko wa Dresdner Bank, benki kubwa ya Frankfurt, na haikutoka tena kwa miaka 30. Kumbuka ile iliyotakiwa isimame mbele ya benki New York, ikaishia kwa benki Ujerumani. Halafu 2008 ikaja ile mdororo wa uchumi. Agosti mwaka huo Commerzbank ikatangaza kuinunua Dresdner kutoka kwa kampuni ya bima ya Allianz, wiki mbili baadaye Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, ikaanguka, na dili likawa mzigo mzito kwa mnunuzi. Serikali ya Ujerumani ikabidi iingize hela, yuro bilioni 18.2 kwa jumla, ikachukua asilimia 25 na hisa moja ya Commerzbank. Dresdner ikafutika, na mali zake zote zikawa za Commerzbank, pamoja na sanamu.

Hapo Commerzbank ilikuwa kwenye kona. Benki iliyookolewa na hela ya walipa kodi inamiliki mwanaume wa shaba wa mamilioni, utamweleza nini mwananchi. Walichoamua ni hivi: kazi nyingine za mkusanyiko, karibu 100, wakazikopesha kwa muda mrefu kwa makumbusho ya Frankfurt, Dresden na Berlin, na hii moja wakaipeleka mnadani, wakasema mapato yatatunisha mifuko ya taasisi zao za hisani na kusaidia makumbusho wanayoshirikiana nayo. Kuna watu Ujerumani waliumia kuona sanamu inaondoka nchini na mi nawaelewa, kwa maoni yangu hii ndo ilikuwa ya kwanza kabisa kubaki, kwa sababu hizo 100 zinaweza kupatikana nyingine za aina yake, hii huipati tena. Lakini kwa upande wa mnada uamuzi ule ulikuwa dhahabu. Muuzaji anajulikana, sababu ya kuuza inajulikana, sanamu haijazungushwa mnada baada ya mnada, na hakuna mtu anayejiuliza kwa nini inauzwa sasa.

Kwa hiyo makadirio ya milioni 12 hadi 18 yalitoka wapi? Hayakutoka hewani. Rekodi ya Giacometti mnadani wakati huo ilikuwa Grande Femme Debout II, mwanamke mrefu wa familia ile ile ya mradi wa Chase, aliuzwa kwa washindani wao Christie's, New York, Mei 2008 kwa dola milioni 27.5, ambazo kwa pauni za wakati ule ni kama milioni 14. Hiyo ilikuwa kabla Lehman haijaanguka, soko likiwa juu kabisa. Mwaka 2009 wote wauzaji waliogopa, vitu vizuri vilifichwa majumbani, minada ikawa na vitu vya kawaida. Mtu anayepanga bei Januari 2010 akiangalia hizo data ataandika milioni 12 hadi 18 na atakuwa ametumia akili. Na kuna mbinu pia, makadirio ya chini kidogo yanawaita watu wengi waingie, mtu akishaingia na akaanza kuwaza itakaa wapi nyumbani kwake, kutoka inakuwa kazi.

Walioingia usiku ule walikuwa angalau 10. Hiyo ni nyingi sana kwa kitu cha bei hiyo, kawaida unakuta wawili watatu. Nyundo ilishuka kwenye pauni milioni 58. Hizo 7,001,250 za juu ni kamisheni ya mnunuzi, na inahesabika hivi: kwa kanuni zao za wakati ule asilimia 25 kwa pauni 25,000 za kwanza, ambayo ni 6,250, halafu asilimia 20 mpaka kufika 500,000, ambayo ni 95,000, halafu asilimia 12 kwa kila kinachozidi hapo, na hapo kwenye milioni 57.5 zilizobaki unapata milioni 6.9. Jumlisha utaona inatoka vile vile mpaka pauni ya mwisho. Nimeiweka hii hesabu kwa sababu watu wanapolinganisha bei za mnada na makadirio wanasahau kwamba makadirio hayana kamisheni ndani yake, ulinganisho wa haki ni 58 na 18, sio 65 na 18. Bado ni mbali, ila ndo ukweli wake.

Mnunuzi alikuwa kwenye simu na jina halikutangazwa. Baadaye vyombo vya habari vya biashara vikaripoti kuwa ni Lily Safra, mjane wa Edmond Safra ambaye naye alikuwa mwenye benki. Ukiangalia mstari wote, Chase, Dresdner, Commerzbank, Safra, huyu mwanaume asiye na kitu mikononi amefuatana na wenye mabenki sehemu kubwa ya maisha yake. Na kama hiyo haitoshi, Uswisi walimweka kwenye noti yao ya faranga 100 kuanzia 1998 mpaka toleo jipya lilipotoka 2019, upande mmoja sura ya Giacometti, upande wa pili Mtu Anayetembea.

Turudi kwenye swali lenyewe, kutoka 18 kwenda 58 kuna nini katikati. Mi naweka uzito hapa: idadi. Sanamu kumi, na kadhaa zimeshaingia kwenye makumbusho, moja iko Carnegie pale Pittsburgh, nyingine iko Fondation Maeght kusini mwa Ufaransa kwenye uwanja wa nje, na makumbusho haya hayauzi. Mtu anayeitaka ile saizi, ile ya wakati wa uhai wa msanii, iliyo mikononi mwa mtu anayeruhusiwa kuuza, alikuwa ameshasubiri zaidi ya miaka 20 bila kuona mwanaume anayetembea wa ukubwa ule akipita mnadani. Kwa hiyo swali kichwani mwa wale 10 halikuwa "ina thamani gani", kwa sababu hakukuwa na nyingine ya kulinganisha, swali lilikuwa "nikiikosa leo nitaipata lini". Kwa mtu wa umri wa miaka 70 jibu ni kwamba hutaipata. Ongeza kwamba matajiri walikuwa wametulia na hela zao mwaka mzima wa 2009 bila kitu cha maana cha kununua, na kwamba riba benki ilikuwa imeshuka karibu na sifuri. Hayo yote yanakufikisha mahali pa juu kuliko 18, tuseme 30 au 35, hayo ni makisio yangu. Kutoka hapo kwenda juu ni ubishi tu wa waliobaki, maana ili nyundo ishuke kwenye 58 inatosha watu wawili wasiokubali kuachia. Bei ya mnada siku zote inawekwa na aliyeshindwa, yule wa pili ndo aliyemfikisha wa kwanza pale. Angekuwa na mafua usiku ule akalala mapema, historia ya sanaa ingeandikwa na namba nyingine.

Na jamani, nani kapata nini kwenye hizo milioni 65? Commerzbank wakapata fungu lao, Sotheby's wakapata kamisheni yao. Upande wa msanii, sifuri. Uingereza walikuwa na sheria ya haki ya msanii kupata kiasi kidogo kazi yake inapouzwa tena, tangu 2006, lakini mpaka mwisho wa 2011 ilikuwa inawahusu wasanii walio hai tu, warithi walianza kuhesabiwa Januari 2012. Hata kama ingekuwepo, kikomo chake kilikuwa yuro 12,500, iwe umeuza kwa milioni mbili au kwa milioni 65. Taasisi ya Giacometti iliyoko Paris, ambayo ndo inatunza plasta zake, inakagua feki na kusaidia kutambua halisi, kazi ambayo bila hiyo hakuna mtu angethubutu kulipa milioni 65, haikuchukua chochote kwenye mauzo yale kama haki ya kisheria. Hili linaniuma kuliko bei yenyewe. Kenya kwenye marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2019 waliweka asilimia 5 ya mauzo ya tena iende kwa msanii, wachongaji na wachoraji wetu wanaouza kwa bei ya kula halafu kazi inakuja kupanda mnadani Nairobi wanapaswa kulijua hili na kulidai.

Rekodi yenyewe haikukaa. Tarehe 4 Mei 2010, miezi mitatu tu, Christie's New York waliuza Picasso nyingine kwa dola milioni 106.5. Na hata ile ya Februari ukiichunguza, kwa dola ilimpita Picasso wa 2004 kwa kama laki moja na sitini tu, ila kwa pauni alimwacha mbali kwa sababu pauni ilikuwa imeshuka, na ukiweka mfumuko wa bei Van Gogh aliyeuzwa 1990 kwa dola milioni 82.5 alikuwa juu yao wote wawili. Kwa upande wa sanamu peke yake ndo Giacometti hakushikika: gari lake la magurudumu mawili, Chariot, dola milioni 101 mwaka 2014, halafu Mei 2015 mwanaume anayenyoosha kidole, kazi ya 1947 yenye sentimita 177.5, akafika dola milioni 141.3 na mpaka naandika hapa hakuna sanamu iliyompita mnadani.

Kabla hujafikiri kwamba jina la Giacometti linajiuza lenyewe, angalia Mei 2025. Sotheby's New York waliweka kichwa cha Diego, Grande tête mince, kazi ya 1955 yenye rangi iliyopakwa na mkono wa msanii, makadirio zaidi ya dola milioni 70. Ni kazi nzuri mno, wengine wanaipenda kuliko Mtu Anayetembea. Haikuwa na dhamana, yani hakuna mtu aliyeahidi kabla kwamba itanunuliwa kwa bei fulani. Dau likapanda mpaka milioni 64.25 likasimama, chini ya bei ya chini kabisa aliyokubali muuzaji, na sanamu ikarudi bila kuuzwa mbele ya ukumbi mzima. Tofauti na ya 2010 mi naiona waziwazi. Ndugu zake, kopi nyingine za kichwa hicho hicho, walishapita mnadani, mmoja usiku ule ule wa Mei 2010 kwa dola milioni 53.3, mwingine 2013 kwa milioni 50, kwa hiyo kila aliyekaa ukumbini alikuwa na namba ya kulinganisha mkononi, na alijua akiikosa hii kuna nyingine iko kwa mtu fulani na siku moja itatoka. Mwanaume wa London hakuwa na namba ya kulinganishwa nayo. Muuzaji wa 2025 alianza na bei ambayo wale wa 2010 walifikishwa na wanunuzi wenyewe, na hapo ndipo mzigo ulipokwama.